Bi. Semeni Lukwele Anaagana na Tanuri

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukanda udongo, kuchoma matofali na kupanda milima, Bi. Semeni Lukwele anastaafu kazi katika Karakana ya Majiko Lukwangule, hapa Msamvu, Morogoro. Anaondoka akiwa Mkuu wa Tanuri. Cheo hicho hakikuwepo kabla yake. Tulikibuni kwa sababu hatukupata jina jingine la kumwita mtu aliyekuwa akifanya yote aliyoyafanya.

Kwa kuwa miongoni mwa wageni wetu wapo wasioijua kazi hii, tuieleze kidogo. Jiko la kuni la nyumbani, lile la kujengewa lenye mlango wa chuma na bomba la moshi, lina matofali maalumu tumboni mwake. Tunayaita matofali ya moto. Hayo ndiyo yanayopokea ukali wa moto ili chuma kisipinde na ukuta usiungue. Moto huyala polepole. Misimu ikipita pembe zinakatika, uso unamomonyoka, na mwishowe panatokea pengo ambapo mwali hupenya kwenda kusikotakiwa. Hapo ndipo anapoitwa fundi aje kuyatoa yaliyochoka na kupanga mapya. Huku mjini, kwenye joto letu, wengi hawana habari na majiko hayo. Lakini panda Mgeta mwezi wa saba, ukutane na ukungu unaoingia ndani bila kubisha hodi, ndipo utakapojua kwa nini mtu wa Nyandira, kijiji cha huko juu, hulitunza jiko lake kama anavyomtunza ng'ombe wa maziwa.

Bi. Semeni ni mzaliwa wa Mlali, mtoto wa mama mfinyanzi. Vyungu vya mama yake vilikuwa vikigombewa kwenye gulio, na binti alijua udongo upi unashika na upi unadanganya kabla hajajua kusoma. Alimaliza darasa la saba, akalima, akaolewa, akajaliwa watoto, kisha akafiwa na mume angali kijana. Mwaka 1994 alishuka mjini kutafuta kibarua. Karakana yetu wakati huo ilikuwa banda moja la mabati na tanuri bovu lililovuja moshi kila upande. Alipewa kazi ya kukanda udongo kwa miguu.

Haukupita muda mrefu uongozi ukabaini kwamba matofali ya udongo alioukanda yeye yalikuwa yakitoka motoni mazima. Akahamishiwa kwenye tanuri. Mafundi wawili wa kiume walichukia, wakagoma, wakaenda kukaa nje ya geti. Mgomo ulidumu asubuhi moja tu. Ilipofika saa ya chai wakakumbuka kwamba ufunguo wa stoo ya sukari anao mama yuleyule waliyemgomea. Walirudi kazini, na mmoja wao baadaye akawa mshenga katika harusi ya mwana mkubwa wa Bi. Semeni.

Kutoka kwenye tanuri alianza pia kupanda milimani kama fundi wa majumbani, na huko ndiko jina lake lilikokua. Alikuwa na taratibu zake. Jiko alilitaka liwe limelala baridi tangu jana yake, na ole wake mwenye nyumba aliyelimwagia maji ili lipoe haraka. Alizoa majivu, akatoa matofali ya zamani moja moja na kuyapanga sakafuni kwa mpangilio uleule yaliyokuwa nao jikoni, ili mapya yafuate njia ya wenzao. Kati ya tofali na tofali aliacha upenyo mdogo, kiasi cha ukucha, kwa kuwa tofali likipata moto hutanuka, na lisipopewa nafasi litajitafutia lenyewe. Wapo waliomwita kwa hofu kwa sababu ya ufa mwembamba kama unywele. Alipitisha kidole juu yake, akacheka.

“Hii ni mvi tu, mama. Hata mimi ninazo.”

Kisha akafunga mfuko wake na kuondoka bila kubadilisha kitu, akiwaachia matofali yao yaendelee kuzeeka kwa heshima.

Kuna kisa ambacho makondakta wa mabasi ya Mgeta bado wanakisimulia. Siku moja pikapu yetu ilikuwa mbovu, na Bi. Semeni alikuwa na jiko linalomsubiri. Akayafunga matofali manne kwenye kanga, akayabeba kifuani, akapanda basi hapo stendi ya Msamvu. Basi lilijaa. Kijana mmoja mwungwana akainuka kumpisha. Akaketi, akashukuru, akafunika vizuri upande uliokuwa wazi. Walipofika Mlali bibi mmoja jirani yake akashindwa kuvumilia.

“Mwanangu, mbona mtoto halii?”

“Huyu, bibi, halii mpaka apate moto.”

Inasemekana yule bibi alihama kiti.

Kama Bi. Semeni angekuwa fundi hodari na mcheshi basi, tungeishia hapa na kuita chakula. Lakini tunamshukuru zaidi kwa ajili ya mwaka mmoja mgumu, na ni yeye mwenyewe aliyesisitiza kwamba uandikwe. Alipopita ofisini na kuona rasimu ya kwanza ya wasifu huu, alisoma ukurasa mmoja akaurudisha mezani.

“Msiandike mazuri matupu,” alisema. “Watu watadhani nimekufa.”

Basi tuandike.

Mwaka 2016 mvua za masika hazikutaka kuisha. Udongo uliloa, kuni zililoa, hata mabati ya banda yalikuwa kama yanatoka jasho. Wakati huohuo nyumba nyingi za milimani zilikuwa zinataka kubadilishiwa matofali kabla ya baridi ya kipupwe. Mkuu wa karakana wakati huo alikuwa Bwana Castory, ambaye leo yuko nasi ukumbini na ametupa ruhusa kamili ya kumtaja. Alikuja kwenye banda la kuanikia akauliza kama matofali yako tayari. Bi. Semeni alichukua moja, akaliweka shavuni kama alivyofundishwa na mama yake. Tofali lililokauka halina baridi. Lile lilikuwa na baridi kidogo. Alijua. Lakini watu walikuwa wanangoja, na yeye alikuwa amezoea kutowaangusha watu. Akasema yapelekwe motoni.

Yalitoka mazuri kwa macho. Yakapakiwa, yakapandishwa, yakapangwa kwenye majiko, mengi kwa mikono yake.

Mwezi wa saba simu ikaita. Ilikuwa kutoka Nyandira, kwa Esther, mama mjane anayeoka skonzi za kuuza.

“Dada Semeni, hili jiko lako linanitukana. Kila nikiwasha linapiga ta! ta! kama bunduki. Nimekukosea nini?”

Kesho yake Bi. Semeni alikuwa Nyandira. Jiko lilikuwa limezimwa tangu usiku. Alifungua mlango wa chuma, akaingiza mkono, akatoa tofali la nyuma. Lilivunjika kiganjani mwake kama mkate wa jana. Ndani lilikuwa jeusi, halikuiva. Maji yaliyokuwa yamebaki moyoni mwake yalitafuta njia ya kutoka, na yakaipata kwa kupasua. Esther anasema Bi. Semeni alikaa chini sakafuni palepale, katikati ya majivu, na hakuinuka mpaka Esther alipomletea kikombe cha uji.

“Ni jiko langu tu au na ya wenzangu?” Esther akauliza.

“Ndilo ninalowaza,” akajibu.

Alimpangia Esther matofali mazuri aliyokuwa ameyabeba kwa tahadhari, kisha akashuka Morogoro na lile tofali lililovunjika likiwa ndani ya mfuko. Tulikuwa kwenye kikao cha asubuhi. Akaliweka mezani mbele ya Bwana Castory, vumbi lake likamwagika juu ya karatasi.

“Hili ni langu,” alisema. “Niliyapeleka motoni yakiwa mabichi. Wa kulaumiwa ni mimi.”

“Yote yako hivi?”

“Sijui. Ndiyo maana lazima tukayaone yote.”

Bwana Castory hakuwa mtu mbaya, na hofu yake ilikuwa hofu ya kila mmoja wetu mle ndani. Karakana ndogo kama yetu huishi kwa jina.

“Tungoje,” alisema. “Atakayelalamika tutamrekebishia mara moja. Lakini tukipanda wenyewe kutangaza kwamba matofali yetu mabovu, nani atatuita tena?”

Wengi tulikuwa tunaangalia meza. Bi. Semeni alilisogeza tofali karibu na mkono wa mkuu wake.

“Jiko halilalamiki, Bwana Castory. Linaunguza. Mwenye nyumba haoni kilichoko nyuma ya moto. Sisi tumeshajua, na hatuwezi tena kujifanya hatujui.”

Bwana Castory alilichukua lile tofali, akaligeuza huku na huku, akaangalia ule weusi wa ndani. Kisha akauliza swali ambalo tangu siku hiyo tumemheshimu kwalo.

“Pikapu ina mafuta?”

Kulikuwa na akiba ya matofali ya kiangazi kilichotangulia, makavu na yaliyoiva, yaliyotengwa kwa ajili ya mteja mkubwa wa mjini. Mteja akaambiwa asubiri. Matofali yakapakiwa, na safari ya nyumba kwa nyumba ikaanza, Bwana Castory mwenyewe akiwa kwenye usukani.

Kila mlango aliobisha, Bi. Semeni aliamkia au akaamkiwa, kisha akasema maneno yaleyale: “Nimekuja kuwaambia kwamba nilikosea.” Wapo waliocheka wakamkaribisha chai. Wapo ambao majiko yao yalikutwa mazima kabisa, wakashangaa kwa nini amejisumbua. Na wapo waliokasirika. Mama mmoja wa kijiji cha Bunduki alimwambia mbele ya majirani, “Mlitupa taka, sasa mnatuletea pole.”

“Ndiyo, mama,” alijibu, akavua viatu, akaingia kufanya kazi.

Nyumba ya Mzee Gervas iko juu ya Nyandira, ubavuni mwa mlima, kabichi zimepangwa kwenye matuta chini yake kama ngazi. Mzee huyo alifanya kazi ya reli huko Ngerengere miaka mingi, akarudi kwao akajenga. Kuta ni za miti na udongo, lakini zimepigwa lipu na chokaa vizuri hata huwezi kujua. Jiko alikuwa amelijenga upya mwaka huohuo kwa ajili ya binti yake Faraja, aliyekuja kujifungulia nyumbani.

Ilikuwa asubuhi, ukungu haujainuka. Mzee alifungua mlango nusu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umekuja na baridi yote hii?”

Akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

“Ili uyatoe matofali, lazima jiko lizimwe?”

“Lizimwe na lipoe, mzee.”

“Mle ndani kuna mtoto ambaye hata kitovu hakijadondoka. Unasikia baridi hii? Unataka nizime moto? Nenda, mwanangu. Rudi mwezi ujao.”

Mzee alikuwa na haki. Bi. Semeni mwenyewe alikuwa amelea watoto, na anajua baridi ya mlima inavyoweza kumfanya mtoto mchanga. Angeweza kushuka zake, na hakuna ambaye angemlaumu, maana alikuwa ameshasema. Alikuwa amekwisha kugeuka aondoke. Ndipo akaomba jambo moja tu, aingie ampe Faraja hongera. Hongera haikataliwi.

Faraja alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, mtoto mapajani, amefungwa blanketi mpaka puani. Bi. Semeni akaomba ampakate. Alipoinama kumpokea, macho yake yakaangukia ukutani nyuma ya jiko. Chokaa ilikuwa imegeuka rangi, hudhurungi kama maji ya chai, doa pana kuliko sinia. Akamrudishia Faraja mtoto wake taratibu, bila kupandisha sauti.

“Mzee, naomba uje uweke mkono hapa.”

Mzee Gervas alikuja akiwa bado na hasira zake. Akaweka kiganja ukutani. Akakitoa haraka. Akakiweka tena, kama mtu asiyeuamini mkono wake, akakitoa tena.

“Tangu lini?”

“Sijui, mzee. Lakini si jambo la leo.”

Faraja alikuwa ameshasimama. Alimbana mtoto kifuani na kutazama mlango. Bi. Semeni alimwambia kwamba kwa Esther, chini ya barabara, kuna jiko ambalo limekwisha kutengenezwa na limewashwa tangu alfajiri, na skonzi zinaiva. Bwana Castory, aliyekuwa anasubiri njiani, alivua koti lake na kumfunika mama na mwana, akawaketisha mbele na kupandisha vioo. Aliishusha ile pikapu taratibu sana. Mwenyewe anasema hajawahi kuendesha gari kwa woga kama siku ile, hata siku ya kufanyiwa majaribio ya leseni.

Waliobaki walikuwa wawili, mzee na fundi. Walitoa makaa kwa koleo, ndoo baada ya ndoo, wakayafukia nje kwenye udongo mbichi. Hawakungoja jiko lipoe. Bi. Semeni alichukua patasi na nyundo akaanza kubandua lipu ya ukuta. Kipande kikubwa kilianguka. Nyuma yake ilikuwepo nguzo, ileile iliyobeba kona ya paa, na nguzo hiyo ilikuwa nyeusi kutoka usawa wa goti hadi kifua. Hewa ilipoingia, katikati ya ule weusi jicho jekundu likafumbuka.

“Maji!” alipiga kelele.

Mzee alikwisha kuyashika. Walimwaga ndoo ya kwanza, ya pili, na mtungi wa maji ya kunywa juu yake. Mvuke ulijaa jikoni hata hawakuonana. Ulipotulia, nguzo ilikuwa inatoa moshi mwembamba, imekufa. Mzee aliigusa kwa ncha ya koleo. Koleo likazama.

Alitoka akakaa kizingitini. Bi. Semeni akakaa kando yake, masizi usoni. Ukungu ulikuwa unaanza kupanda, na chini paa la Esther lilikuwa linaonekana.

“Ungeweza kukaa kimya huko Morogoro,” Mzee Gervas alisema.

“Ningeweza, mzee.”

“Tungeungua, na tusingejua sababu.”

“Msingejua.”

Mzee akainuka, akachukua shoka, akaenda kutafuta nguzo nyingine.

Majirani walikuja bila kuitwa, kama ilivyo kawaida ya milimani. Kufikia jioni kona ilikuwa imeegemezwa, na siku zilizofuata ukuta wa nyuma ya jiko ulijengwa upya kwa mawe. Bi. Semeni alilala kwa Esther mpaka kazi ilipokwisha. Alipanga matofali ya kiangazi, akalisogeza jiko mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite, akawasha moto wake wa kwanza, mdogo, wa vijiti, kama wa kuchemshia chai ya mtu mmoja. Alingoja hapo hadi alipoweza kuweka shavu lake kwenye ule ukuta wa mawe bila kulitoa. Ndipo Faraja alipopandishwa nyumbani. Mtoto yule anaitwa Jonathan. Sasa yuko darasa la tatu, na tunaambiwa ni golikipa asiyepitwa kirahisi.

Kazi ya kuzunguka milima iliendelea mpaka karibu na vuli. Tusiseme kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Nyumba mbili zilivunja majiko yetu na kurudi kwenye mafiga, na hadi leo hazijatuita. Bi. Semeni akipita huko huwasalimu, nao humwitikia, na hayazungumzwi mengine. Oda zilipungua, tukakaza mikanda. Lakini baadaye simu zikaanza kuita tena, nyingi kutoka vijiji ambavyo hatukuwahi kufika. Tulipouliza wametusikia wapi, wakasema ni kwa mzee mmoja wa Nyandira anayeuza kabichi kwenye gulio, ambaye kila akiulizwa habari za majiko hujibu hivihivi: “Chukueni ya wale. Wale wakikosea wanakuja wenyewe.”

Mwaka uliofuata karakana ilijenga banda jipya la kuanikia, lenye kuta za matundu na paa lililoinuliwa, ili matofali yakauke hata masika yakikasirika. Ikawekwa pia kanuni ambayo Bi. Semeni aliiomba na akataka imbane yeye kwanza. Hakuna tofali litakaloingia motoni mpaka watu wawili walipime, na wakati wa zamu yake, yule wa pili awe na ruhusa ya kumkatalia. Mara ya kwanza kukataliwa, alikataliwa na Asha, binti aliyekuwa bado anajifunza kazi. Asha anasema alitamka neno “bado” huku tofali liko shavuni mwake. Bi. Semeni alimtazama, akalirudisha tofali kwenye kichanja, akamnunulia soda.

Asha huyo leo ndiye anayeongoza kazi za majumbani. Salehe na Twalibu, ambao Bi. Semeni aliwapokea wakiwa hawajui kutofautisha udongo na matope, ndio watakaoshika tanuri. Majiko yetu yote sasa hujengwa yakiwa yameachana na ukuta, na mafundi wa karakana nyingine wameanza kufanya hivyohivyo. Hatuwadai kitu. Tunafurahi tu.

Sisi tuliokaa naye tunayo mengine ya kushukuru ambayo hayaingii kwenye ripoti. Tunashukuru kwa futari aliyotuandalia karakanani kila Ramadhani, Waislamu na Wakristo kwenye mkeka mmoja, na ole wake ambaye angesema ameshashiba kabla ya kuonja tambi zake. Tunashukuru kwa namna alivyokuwa akiingia asubuhi na kumsalimu mlinzi kwa jina, pamoja na mkewe na wanawe kwa majina. Tunashukuru kwa ukali wake, kwa sababu haukuwahi kuvuka geti la karakana. Alikugombeza saa nne, na saa saba alikuwa anakuuliza kama umekula.

Anakwenda Mlali, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, ambako amejenga nyumba ya vyumba vitatu na kupanda mboga. Anasema atarudia kufinyanga vyungu, vichache, vya kujifurahisha. Tulimuuliza amejijengea jiko la namna gani, tukitarajia kusikia maajabu. Amenunua la gesi.

“Nimepuliza majivu ya watu kutosha,” alisema. “Chai yangu nataka niiwashe kwa kidole.”

Juma lililopita tanuri lilifunguliwa, na lilikuwa tanuri la kwanza ambalo Salehe na Twalibu walilipanga, kuliwasha na kulilinda peke yao tangu mwanzo. Bi. Semeni alifika asubuhi amevaa nguo za kutokea, akaketi kwenye benchi la mbali, mikono mapajani. Karakana nzima ilikusanyika. Mlango wa tanuri ukaondolewa, joto likatoka, matofali yakaonekana, mekundu, safu juu ya safu. Hakuna aliyesogea. Sote tulikuwa tumegeuka nyuma, tunamtazama yeye, tunangoja atuambie kama yameiva.

Alitutazama kwa zamu, akatabasamu.

“Mbona mnaniangalia mimi?” alisema. “Yaangalieni matofali.”

Tukayaangalia. Yalikuwa yameiva.

Mama yetu, dada yetu, Mkuu wetu wa Tanuri, asante. Asante kwa majiko yanayowaka bila hatari huko juu, na kwa watu wanaolala salama kando yake bila kukufahamu. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema, mvua zinazojua wakati wake, na wajukuu watakaokuja kukuchafulia udongo. Tunakutakia maisha mema, marefu na yenye amani, na ukisikia hodi huko Mlali, ujue ni sisi tumekuja kunywa hiyo chai ya kidole.

Imeandikwa na Winfrida Athanas kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Karakana ya Majiko Lukwangule, Msamvu, Morogoro.